Safu ya Haipo

Jumatatu ya pili ya mwezi Julai, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nilisimama nje ya ofisi ya mradi wa maji mjini Sumbawanga nikiwa nimeshika bahasha ya kaki yenye cheti changu cha kidato cha nne, na sikuthubutu kugonga mlango. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika. Tangu shuleni nilikuwa na daftari la mambo ambayo mdomo wangu ulishindwa kuyasema, na mambo hayo yalikuwa mengi. Siku ile niliandika: "Nimesimama dakika kumi. Upepo unapita kwenye sweta kama halipo. Kuna mtu anacheka ndani, nadhani ananicheka mimi."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na maduka ya mji wetu yalikuwa yamebaki na kaunta, mizani na mwenye duka. Leo nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi ya ukarani wa takwimu hunijia nyumbani, na swali lao huwa lilelile: bibi, ni kweli wale wataalamu wa kigeni walilipwa mamilioni wakae huku kwetu? Na walistahili? Nimeamua kujibu kwa maandishi, maana kwa mdomo bado sijawa hodari.

Mlango ulifunguliwa na Karani Mkuu, Mzee Mwaisaka, mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Alinitazama, akatazama bahasha.

"Wewe ni karani mpya au umekuja kuuza mayai?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sijasikia jibu."

"Ndiye mimi."

"Ndiye wewe nani? Karani au mayai?"

"Karani," nikasema, na nadhani sauti ilifika kwake nusu tu.

"Basi ingia. Nyie Wafipa mnanitisha mkiwa kimya. Mtu akinyamaza hivi kwetu Tukuyu tunampa ndizi, huku kwenu naogopa kutumiwa radi."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nikaoneshwa meza, kiti kilichokosa mguu mmoja kikaegemezwa ukutani, na faili la rangi ya kijani ambalo lilikuja kuwa maisha yangu.

Nieleze kwanza mradi wenyewe. Maji yalikuwa yatolewe kwenye milima ya Mbizi, yashuke kwa nguvu zake yenyewe ndani ya mabomba mpaka mjini, kisha yafike vitongojini, na mwisho wa mstari ulikuwa Kasense, kwetu. Mtaro wa Kasense ulikuwa umeshachimbwa. Tuliuchimba wenyewe kwa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya kila Jumamosi, na mama yangu alichimba hatua zake kama wengine. Mtaro ulipita katikati ya shamba lake, ukayakata matuta yake ya mahindi na ulezi vipande viwili. Hakunung'unika. Alisema, "Maji yakija nitapanda kandokando." Mabomba ndiyo yalikuwa hayajafika.

Aliyekuwa akiagiza mabomba kutoka Ulaya, na kuyatilia sahihi, ni Mtaalamu. Alikuwa mhandisi mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi makavu. Watu walimwita Bwana Mabomba, kwa kuwa kila asubuhi aligongagonga mabomba yaliyolazwa uani na kuyasikiliza kabla hajasalimia mtu. Kiswahili alikisomea darasani, kikawa safi kuliko chetu. "Habari za asubuhi, Ndugu Skola," aliniambia siku ya kwanza. Nikatazama viatu vyake. Niliandika jioni ile: "Ameniita ndugu. Mtu mwenye gari. Sikumjibu. Kesho nitamjibu." Nilimjibu Alhamisi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Shirika lililomtuma Mtaalamu lilitaka kujua, mara mbili kwa mwaka, kama mshahara wake unatosha kuishi hapa kama ambavyo angeishi kwao. Kwa hiyo kulikuwa na fomu ya bei. Ndani yake kulikuwa na kile walichokiita kikapu: orodha ya vitu ambavyo mtu wa kwao hununua, kuanzia sukari na sabuni mpaka siagi, jibini, divai, kunyolewa nywele na tiketi ya sinema. Karani wa bei huzunguka madukani, huandika bei ya kila kitu, fomu hupelekwa Ulaya, na huko watu hukaa wakapiga hesabu. Maisha yakiwa ghali, posho hupanda. Yakiwa rahisi, hushuka.

Kulikuwa na chakula cha paka katika kile kikapu. Nilisoma mara tatu nikidhani Kiingereza changu cha shule kimeniangusha. Nikamuuliza Mzee Mwaisaka kwa kunong'ona kama kweli paka hununuliwa chakula.

"Andika panya," akasema. "Bei: bure."

Lakini ukurasa ulionishika ni wa tisa. Huo haukuuliza bei. Uliuliza ugumu. Je, umeme upo? Barua huchukua siku ngapi? Hospitali yenye daktari wa upasuaji iko umbali gani? Baridi, vumbi, barabara wakati wa masika, kukosa watu wa lugha yako wa kuzungumza nao. Na swali la kumi na moja: je, kituoni na vitongojini mwake kuna maji safi ya bomba? Kila jibu la shida lilikuwa na alama zake, na kila alama iliongeza fedha. Fedha hizo waliziita posho ya mazingira magumu.

Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Daftari langu linasema: "Kumbe kubeba maji kuna bei! Mama anabeba ndoo tatu kwa siku tangu sijazaliwa, kutoka bondeni, na baridi hii. Huko Ulaya kuna mtu amekaa akaupima mzigo wa mama akajua thamani yake. Nikijumlisha alama za mama, basi mama ni tajiri, ila hajaambiwa." Sikuandika kwa uchungu. Nilishangaa tu, kama mtu aliyeona kwa mara ya kwanza ramani ya mahali anapoishi.

Siku niliyofahamu mshahara wenyewe nilishangaa zaidi. Mzee Mwaisaka alinionesha kwa vidole, maana hakutaka kutamka. "Anachopata mwezi mmoja huyu bwana," akasema, "mimi nitakipata nikifanya kazi mpaka Krismasi ya mwaka kesho, nisile, nisivae, nisitoe sadaka."

"Na pesa zote hizo anazifanyia nini, mzee?"

"Hapo ndipo penye fumbo, mwanangu. Mimi sina pesa na naona pa kuzipeleka. Yeye anazo na haoni pa kuzipeleka."

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nisingependa mtu mwingine abebeshwe.

Nilianza mzunguko wa maduka mwishoni mwa Julai. Enzi zile kila kitu kilikuwa na bei ya serikali, na bei hiyo ilibandikwa ukutani dukani. Sukari, bei hii. Sabuni ya kufulia, hii. Unga wa ngano, hii. Pembeni kulikuwa na bei nyingine isiyobandikwa popote, bei ya kuruka, ya walanguzi, ambayo mtu huipata nyuma ya nyumba kwa kunong'ona. Kabla sijatoka Mzee Mwaisaka alinipa onyo akiwa ameinua kalamu.

"Serikali inaandika bei ya serikali. Ukiniletea bei ya kuruka humu ofisini, wataniuliza umeijuaje. Nitaozea ndani, na wewe utaniletea chakula. Tumeelewana?"

"Ndiyo mzee."

Nikaenda, nikasimama mbele ya kuta, nikanakili. Sikumwuliza mtu swali hata moja. Kwa msichana mwenye haya kama mimi ilikuwa kazi ya peponi: ukuta hausemi. Nikaandika sukari, sabuni, unga, mafuta ya taa, viberiti, vyote kwa hati safi ya shule ya masista. Mtaalamu alikuwa safarini Namanyere kupima visima, hivyo fomu ilitiwa sahihi ya haraka aliporudi, ikafungwa, ikaenda. Nilijisifu daftarini kwamba sikuwa nimefuta hata neno moja.

Mwezi wa Agosti Mtaalamu alinituma nyumbani kwake kuchukua michoro. Nilikuwa nimeijenga ile nyumba kichwani tangu nijue mshahara: mazulia, redio ukuta mzima, watu wanakula nyama asubuhi. Mkewe, Mama Lotte, alinifungulia akiwa na unga mikononi. Alikuwa anajaribu kutengeneza mkate kwa unga wa ulezi. Mkate ulikuwa mezani, mweusi, umelala chini kama kofia iliyokaliwa. Vitabu vilikuwepo vingi, pipa la mafuta ya taa nyuma ya jikoni, na gari nje, hayo sitayaficha. Lakini sufuriani kulikuwa na maharage, na pembeni ndoo mbili za maji zilizofunikwa kwa sahani, kama kwetu. Binti yao wa miaka mitano alikuwa na kikohozi kwa wiki ya pili.

"Karibu mkate," akasema Mama Lotte. "Usicheke."

Nilikula. Nilitafuna muda mrefu. Akaniangalia, kisha akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini.

"Mama yako angeufanyaje huu unga?"

Nilitaka kukaa kimya, lakini ulezi naujua. "Ugali," nikasema. "Ama pombe. Mkate hapana."

"Nitamwambia mume wangu kwamba nimetengeneza pombe ngumu," akasema.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama posta kulikuwa na barua yoyote. Aliuliza akiwa amenipa mgongo. Niliandika: "Wana kila kitu ambacho sisi hatuna na hawana kila kitu ambacho wao walikuwa nacho. Sijui hesabu yake inapigwaje."

Jibu la fomu lilikuja mwishoni mwa Septemba. Mtaalamu aliisoma barua amesimama uani, akaisoma tena akiwa ameegemea bomba. Mzee Mwaisaka aliletewa nakala ya faili, naye akaniletea mimi bila kusema neno, jambo lililonitisha kuliko radi. Waliandika kwamba kwa mujibu wa fomu iliyopokelewa, Sumbawanga ni mojawapo ya vituo rahisi kabisa: mahitaji yote ya lazima yanapatikana, kwa bei ya chini kuliko kwao. Kwa hiyo posho ya Mtaalamu ilikuwa imekatwa kwa sehemu kubwa.

"Mkataba wake unaisha Desemba," alisema Mzee Mwaisaka. "Alikuwa aongeze mwaka. Sasa mama kule nyumbani anafunga masanduku."

"Na mabomba ya Kasense?"

"Akiondoka kabla ya kuagiza, nani ataagiza? Wataleta mwingine, labda baada ya mwaka, labda wampeleke mkoa mwingine. Mvua za Novemba zitaujaza mtaro. Mtachimba tena."

Niliiona fomu yangu kama ninavyouona mkono wangu. Sukari, bei hii. Nani alikuwa ameonja sukari tangu Juni? Niliandika bei za vitu ambavyo havikuwepo. Kwa hati safi.

Daftari la jioni ile lina sentensi moja: "Nimeujaza mtaro wa mama udongo kwa kalamu." Na chini yake, kwa wino mwingine: "Kesho saa mbili nitasema."

Sikusema saa mbili. Nilisema saa tano na nusu, baada ya kupita mlango wa Mtaalamu mara sita nikijifanya natafuta gundi. Mara ya saba alisema bila kuinua kichwa, "Ndugu Skola, gundi iko kwako."

Nikaingia. Nikasema yote kwa pumzi moja: ukuta, bei, sukari, kwamba ni mimi, siyo Mzee Mwaisaka, kwamba sikuuliza kwa kuwa ninaona haya kuuliza. Nilitegemea kufukuzwa. Alivuta ndevu.

"Mimi nilitia sahihi," akasema. "Sikusoma. Tulikosa wawili." Akachukua kofia. "Twende ukanioneshe hiyo sukari."

Mzunguko ule sitausahau. Duka la kwanza lilikuwa la mkoa, kubwa kama ghala. Mwenye zamu alikuwa ameegemea kaunta, anasoma gazeti la wiki iliyopita.

"Sukari bei gani, ndugu?" aliuliza Mtaalamu.

"Iko ukutani hapo, ndugu."

"Na sukari iko wapi?"

"Bei ipo," akasema yule bwana kwa upole. "Sukari ndiyo haipo."

"Itakuja lini?"

"Hilo ungemuuliza lori."

Duka la pili, sabuni: haipo. La tatu, unga wa ngano: haupo, ila kuna magunia yake. La nne mama mmoja alitukaribisha sana, akatuambia ana kila kitu, tukatazama rafu tukaona makopo ya rangi ya viatu, nyeusi peke yake, safu nne. "Siagi?" nikauliza. Nilikuwa nimeuliza mwenyewe, kwa sauti, na hakuna aliyekufa. "Siagi, mwanangu?" akasema. "Hata jina lake nimelisahau. Litaje tena nifurahi." Tulicheka wote. Tulikwenda mpaka Kaengesa, kwa mapadre, ambao walikuwa na ng'ombe wa maziwa. Huko siagi ilikuwepo kweli, kipande kimefungwa kwenye jani. "Bei gani, Padre?" Padre akashangaa. "Hatuuzi. Mtu akiwa na mgonjwa anaomba, tunampa." Mtaalamu alisimama pale na kalamu hewani, kwani fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo.

Tuliporudi nilichukua rula. Kwenye fomu mpya, kandokando ya safu ya bei, nikachora safu nyingine kwa mkono, nikaiandika juu: IPO / HAIPO. Kanuni nikaitunga palepale, na ndiyo niliyowafundisha makarani wote waliokuja chini yangu: usiandike ipo mpaka uwe umekiona kitu kwa macho yako na umekishika kwa mkono wako. Mzee Mwaisaka aliitazama karatasi akitoka jasho, na ilikuwa siku ya baridi.

"Hii si itatufungisha?"

"Sijaandika bei ya kuruka, mzee."

"Sijaona. Umeandika nini?"

"Haipo."

Alifikiri. "Haipo," akarudia taratibu, akionja neno. "Haipo siyo uhaini. Haipo ni kweli tupu." Kisha akachangamka mno. "Basi tusiishie hapo! Ukurasa wa tisa, paka matope mwanangu, paka matope! Andika chui wanaingia jikoni. Andika baridi inavunja masufuria. Andika Wafipa wanamrushia radi kila Ijumaa. Posho ipande, bwana akae, mabomba yaje!"

Hapo ndipo nilipopata jaribu langu halisi. Nilitaka maji kuliko nilivyotaka kitu chochote. Shingo ya mama yangu ilikuwa fupi kuliko kwenye picha yake ya usichana. Ndoo ilikuwa imeisukuma ndani. Uongo kidogo tu, na nani Ulaya angejua? Lakini nilikuwa nimeona kalamu inavyofanya ikiandika kisichokuwepo. Niliujaza ukurasa wa tisa kwa haki: umeme haupo, barua wiki sita kwenda na kurudi, daktari wa upasuaji mbali, maji ya bomba vitongojini hayapo. Chui sikuandika.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nikaongeza karatasi moja, kichwa chake VILIVYOPO. Maharage ya kila rangi. Maziwa ya asubuhi. Uyoga mwezi wa Desemba. Hewa ambayo mgeni akishuka kwenye lori husimama akaivuta kama anakunywa maji. Mbu wachache mpaka unawasahau. Siagi ya Kaengesa, kwa kuomba. Jirani, akisikia mtoto anakohoa, huja bila kuitwa.

Nilimpelekea Mama Lotte anisahihishie Kiingereza. Alisoma karatasi akiwa amesimama dirishani.

"Ukiwapelekea hii watapunguza tena," akasema.

"Najua, mama."

"Na unataka tubaki."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini umeandika?"

"Kwa sababu vipo," nikasema.

Alikaa. Aliniambia mambo ambayo sikuyajua: kwamba kwao kuna nyumba wanailipia kila mwezi wakiwa huku, kwamba mama yake anazeeka peke yake, kwamba binti ana umri wa kuanza shule na hapa hakuna shule ya lugha yake. "Watu wa kwetu wanadhani tunatajirika," akasema. "Na watu wa huku wanadhani hivyohivyo. Labda ni kweli. Lakini hakuna safu ya mama yangu kwenye fomu yako." Kisha akachukua kalamu, akasahihisha makosa yangu matatu, na hakufuta hata kitu kimoja.

Jibu lilikuja wiki mbili kabla ya Krismasi. Walirudisha nusu ya walichokata. Nusu tu. Sikujua kama karatasi yangu ndiyo iliyokula nusu nyingine, na sijui mpaka leo. Mama Lotte na binti waliondoka na lori la Mbeya kabla mvua hazijaifunga barabara. Alinipa kikaango chake cha mikate na kuniambia nikitumie kwa pombe. Mtaalamu alibaki peke yake, akatia sahihi ya mwaka mmoja, na wiki hiyohiyo akaagiza mabomba ya Kasense. Mchana alianza kula na mafundi, ugali wa ulezi kwa mkono, na kila Jumatatu alienda posta mwenyewe.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa Namanyere chini ya Afisa Takwimu wa Wilaya, mtu mkali aliyeamini kwamba kiti cha karani kikiwa na mito akili inalala. Niliporudi Sumbawanga nilikalia kiti cha Mzee Mwaisaka, nikakuta kalamu yake moja droo ya chini. Na kuna wakati nilipelekwa nchi jirani kwa miaka miwili, nikawa mimi mtaalamu wa kigeni. Nililipwa posho ya kuishi nje. Ilikuwa nyingi, niliiona mara ya kwanza nikaguna kwa sauti. Karani mmoja kijana akaja na fomu kuniuliza bei za vitu nilivyozoea kwetu. Nikamtajia unga wa ulezi. Akaandika haupo. Nikataka kumtajia mama, ambaye mwaka ule alikuwa ameanza kuumwa miguu, nikakumbuka dirisha la Mama Lotte, nikanyamaza. Mama alipofariki nilifika siku ya nne. Posho ilikuwa imeingia wiki ile.

Kwa hiyo vijana, mnaponiuliza kama mishahara ile ililingana na maisha, siwezi kusema ndiyo na siwezi kusema hapana. Nimeijaza fomu ile kutoka pande zote mbili za meza. Fedha ilikuwa nyingi kupita kiasi ukiipima kwa ndoo ya mama, na ilikuwa kidogo ukiipima kwa barua isiyofika. Lakini nina asubuhi moja, na hiyo naweza kuwapa nzima.

Maji yalifika Kasense Alhamisi moja ya Agosti, katika ule mwaka aliouongeza Mtaalamu, alasiri. Watu walikuwa wamejipanga na ndoo tangu adhuhuri. Mtaalamu alipiga magoti akaweka sikio kwenye bomba. Akainua mkono. Kwanza ulitoka upepo, kisha kikohozi, kisha matope, kisha maji, meupe, ya Mbizi, baridi mpaka meno yanauma. Mama hakupiga vigelegele. Alikinga mkono mmoja, akayatazama yakijaa na kumwagika, akasema kwa Kifipa, kama mtu anayemsemesha mgeni aliyechelewa, kwamba ndiyo kwanza yanafika na kazi yote ameshaimaliza yeye. Halafu akalia.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilifika ofisini saa moja na dakika ishirini. Nilikuwa na ufunguo wangu. Fomu ya nusu mwaka ilikuwa mezani, haijafungwa. Nikafungua ukurasa wa tisa, swali la kumi na moja, ambako nilikuwa nimeandika hayapo. Nikachora mstari mmoja juu ya neno kwa rula. Nilijua alama zake. Alama nne, za juu kabisa katika ukurasa wote, na zote zilikuwa posho ya mtu aliyebaki peke yake ili zifutike. Nikaandika: yapo.

Mtaalamu aliingia akiwa bado na udongo wa Kasense magotini. Nikampa. Safari hii alisoma kila mstari. Alipofika hapo alisimama.

"Umeyaona mwenyewe?" akauliza.

"Nimeyaona."

"Umeyashika?"

"Nimeyanywa."

Akatabasamu, akatia sahihi. Nami nikafunga bahasha harakaharaka kabla Mzee Mwaisaka hajafika kazini, nikaipeleka posta kwa miguu.